Mkate wa Wagonjwa

Mama Tanuri, ambaye jina lake hasa hata majirani walishalisahau, alioka mikate ya maziwa mkabala na lango la hospitali. Mikate ilikuwa laini kiasi kwamba hata kibogoyo angeimudu. Kila aliyekwenda kumtazama mgonjwa alipitia kwake kwanza. Kisha hospitali ikapiga marufuku chakula cha nje, na tanuri likaanza kupoa.

Basi akajaza kapu, akaenda kwa wifi yake mwenye kantini katika kiwanda cha viatu. Wifi akikubali, tanuri litawaka. Akikataa, ndiyo basi tena.

Mafundi walipoiona ile mikate ya duara yenye mgongo unaong'aa, nyuso ziliwasawajika.

"Jamani, nani kalazwa?" mmoja akauliza.

"Hajalazwa mtu. Kuleni!"

Fundi mmoja mnene akamega, akatafuna polepole kama anayehesabu matone ya dripu. "Mtamu, mama. Ila umenikumbusha marehemu mjomba." Akaurudisha sahanini.

"Kwani mjomba wako aliuawa na mkate?"

"Hapana, ini. Lakini mkate ulikuwa pale pale kitandani."

Wifi akamvuta jikoni. "Wifi yangu, utanifukuzia wateja. Mkate wako hauna kosa, ila umeandamana mno na dawa."

"Nimekanda unga mpaka mabega yamepinda, leo naambiwa nauza maradhi! Hao mafundi wako wana akili kweli?"

"Akili wanazo. Hamu ndiyo hawana."

Alirudi akinung'unika njia nzima, hata aliosalimiana nao walipata sehemu yao. Kesho yake, huku akijiona kichekesho, alichukua donge lile lile, akalivuta likawa refu, akalinyunyizia mdalasini, akaoka, akapeleka.

Mikate ikaisha kabla chai haijapoa. Fundi mnene akalamba vidole. "Huu sasa ndio mkate! Si ule wa wodini, mgumu kama soli."

Mgumu! Damu ikampanda Mama Tanuri kichwani. Unga ni ule ule, maziwa ni yale yale, mikono ni hii hii! Akafungua kinywa amweleze. Wifi akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Ulitaka kusema nini, mama?" fundi akauliza.

"Nilitaka kuuliza," akajibu, meno yamebanana, "kesho niwaletee mingapi?"