Kopo Juu ya Mlango wa Jiko

Mume wangu tulimzika mwaka jana hapa Kakese, upande wa juu wa zizi la zamani. Wanaokuja kunipa pole husema alikuwa mtu mgumu. Sibishani nao. Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa jambo la mtoto wa mbwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, hatujamaliza misimu mitatu tangu tuhamie na ng'ombe kutoka Usukumani. Fisi walikuwa wameshachukua ndama wawili, kisha wakamuua na mbwa wetu jike. Akaacha mtoto mmoja tu. Tusingemkuza huyo, zizi lingebaki bila wa kubweka. Nikamlea kwa chakula cha nyumbani: ugali laini niliouvuruga kwenye maziwa yaliyotolewa siagi, maana siagi tuliipika samli ya kuuza. Siku nikipata dagaa wa ziwani, nilimwongezea mchuzi wake. Tumbo lilijaa, lakini miguu ya mbele ikaanza kupinda, na akisimama anatetemeka.

Bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe, nikamwonyesha. Alimpapasa magoti, akasema, "Mama, huyu anashiba lakini mifupa haipati kitu." Akanipa kopo la unga wa vitamini na madini, ule wa ndama. "Ndama ni kijiko. Huyu ncha ya kisu, mara moja kwa siku. Usizidishe. Na maziwa yake mwachie siagi."

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Mbwa wa vitamini! Kesho utamtandikia kitanda?"

"Nikimtandikia, wewe utalala wapi?" nikamjibu. Bwana mifugo akajifanya anafunga mkoba.

Kwetu mwanaume hakuwa akiingia jikoni. Hata akiwa na njaa alikaa nje, akakohoa. Kopo nililichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango wa jiko, panya wasilifikie. Kila jioni nilichota kwa ncha ya kisu, nikachanganya kwenye chakula cha mbwa.

Mwanzoni alichangamka. Halafu akaanza kutapika. Akawa anakunywa maji bila kukoma, anakataa hata maziwa, analala ubavu kwenye kivuli cha ghala. Nikatazama kopo, unga umeshuka kuliko nilivyochota. Nikawashuku wanangu, nikawachapa. Walilia wakisema hawajui kitu, nami sikuwaamini.

Bwana mifugo akaitwa tena. "Unampa mara ngapi?"

"Mara moja, jioni."

"Haiwezekani."

Mume wangu alikuwa amesimama penye mlango wa zizi. Akakohoa. "Na asubuhi," akasema. "Asubuhi nampa mimi."

Kumbe kila alfajiri, kabla ya kutoa ng'ombe, alisimama nje ya kizingiti, akanyoosha mkono na kuchomoa kopo kwenye nyasi. Unga akaukorogea kwenye maziwa aliyotoka kukamua. Jikoni hakuingia hata mguu mmoja.

"Una kazi nyingi, nilidhani utasahau," alisema akitazama chini. "Na kile kisu chako, unachota kidogo mno."

"Basi kitanda umetandika wewe, mzee," bwana mifugo akasema. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawatazama wanangu.

Unga ukasimamishwa. Nilimdondoshea mbwa maziwa mdomoni kwa kitambaa, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja akanyanyuka mwenyewe akalamba sufuria. Alikua akawa mkali, fisi wakalikwepa zizi letu, ingawa miguu ilibaki imepinda kidogo. Mume wangu aliwaita watoto akawaambia, "Mama yenu aliwachapa kwa kosa langu." Nilimwacha aseme peke yake.

Tangu hapo kila asubuhi alisimama nje ya jiko akaniuliza, "Umeshampa?" Kopo liliisha, mbwa akazeeka, yeye bado anauliza.

Mume wangu alipougua, vidonge vyake nilivishika mimi. Asubuhi moja mwanangu mkubwa alisimama mlangoni. "Mama, umeshampa?"

Nilimwambia nimeshampa. Kisha nikamwomba radhi kwa zile fimbo. Naye sasa ana mvi. Alisema alishasahau zamani. Hakuuliza ni fimbo zipi.