Bwana Harusi Wangu Aliletwa Ndani ya Tenga

Bwana harusi wangu aliletwa ndani ya tenga, kafungwa miguu, na alikuwa anawika.

Msicheke. Kwetu Singapore, mume akiwa mbali, jogoo husimama badala yake. Unamwinamia, basi, umeshaolewa.

Ulikuwa mwaka ule wa mwisho kabla vita havijatufikia. Mji umefurika wanajeshi wa kigeni, sinema zinajaa, muziki wa kumbi za dansi unasikika mpaka barabarani. Ukiwataja Wajapani unajibiwa, "Hawathubutu!" Huku taa zinazimwa mji mzima, eti mazoezi ya kujikinga na mabomu.

Mimi Sau Ngan, yatima, shule niliishia darasa la sita. Nilikuwa nafua nguo kwa baba mdogo. Mshenga, Bibi Loong, akaja na posa. Kijana wa Mama Tham, dereva wa malori yanayopeleka vifaa vya vita China kupitia milima ya Burma.

"Mzima kama chuma," akasema. "Barabara tu ndiyo ndefu."

"Mbona haandiki barua?"

"We mtoto, unaolewa na mtu au na posta?"

Baba mdogo akacheka mpaka chai ikampalia.

 Mimi si msemaji. Mimi natazama.

Siku moja wakanituma nipeleke keki kwa Mama Tham. Nikapitia mlango wa jikoni. Mezani kulikuwa na bakuli tatu za wali. Mbili, vijiti vya kulia vimelazwa pembeni. Ya tatu, vijiti vimechomekwa wima katikati ya wali.

Keki ikabaki mkononi.

Kwetu hata mtoto akichomeka vijiti hivyo anakula kofi. Wali wa namna hiyo anawekewa maiti.

Kumbe dereva alishakufa! Walitaka nikawe mjane wa mtu nisiyewahi kumwona, nimtumikie mama yake mpaka nizikwe.

Nikaweka keki, nikaaga kwa adabu, mbio kwa Dada Kwai.

Dada Kwai alikuwa yaya, na alikuwa amebana nywele. Msichana wa kwetu huning'iniza msuko mgongoni, akiolewa ndipo unabanwa kisogoni. Lakini akibanwa nywele na wanawake wenzake mbele ya mungu wa kike wa huruma, akala kiapo cha kutoolewa, hakuna mwanaume wala ukoo wa kumdai tena.

"Kiapo hiki hakifunguliwi," akanionya. "Utazeeka bila mtoto. Hata kufia kwenu hutaruhusiwa."

"Kwani dada, mimi nina kwetu?"

Akachukua kitana.

Siku ya harusi wageni wamekaa, jogoo yuko juu ya meza na utepe mwekundu shingoni. Nikatoka na shela langu. Nikalivua mwenyewe.

Wakaona fundo la kiapo kisogoni.

"Mshenzi wewe! Umefanya nini?" baba mdogo akanguruma.

"Jogoo wenu kachelewa, baba mdogo. Nimeshajimiliki."

Nikamgeukia Mama Tham. "Pole na msiba, mama. Vijiti niliviona."

 Akasimama, akaja upande wangu. Nikakaza shavu.

Akanipita. Kofi likatua kwa mshenga, paa!

"Uliniambia binti anajua! Uliniambia amekubali mwenyewe!"

Akatoka analia. Hata jogoo hakumkumbuka.

Baba mdogo akanifukuza papo hapo. Nikaondoka na furushi kwapani, tenga la jogoo mkononi, kichwa juu.

Haukupita muda, mabomu yakaanza kudondoka. Wale wa "hawathubutu" ndio walikuwa wa kwanza kujikunyata chini ya ngazi.

Dada yangu unayesoma, ukiambiwa kila kitu kiko shwari, usibishane. Tazama mezani, vijiti vimekaaje. Halafu chukua kitana chako.

Jogoo? Tulimpika na tangawizi, mimi na dada zangu wa kiapo. Alikuwa mgumu, kama mume yeyote wa kulazimishwa.

Tulimmaliza.