Kabla Hawajafika Mtoni

Umeme ukikatika hapa Mugumu, fundi cherehani jirani yangu huvuta kamba ya jenereta, na harufu ya petroli ikiingia dirishani huwa naacha ninachokifanya.

Kule machimboni nilikokulia tulikuwa na banda la video la mabati. Kaka yangu alitoka shimoni na vumbi jeupe kwenye nyusi, akanipakata, tukatazama genge la wapanda farasi likiiba dhahabu kwenye treni. Wachimbaji walilipenda genge lile kama ndugu zao. Siku ya kwanza lilipouawa lote mtoni mwisho wa mkanda, walirusha ndala kwenye televisheni. Tangu hapo mwenye banda akawa anazima jenereta kabla genge halijafika mtoni, kisha anatangaza gizani, "Wamevuka. Wako Sirari mpakani wanakunywa chai."

"Kweli wamevuka?" nilimuuliza kaka njiani.

"Si umemsikia mwenyewe?"

Masika yale shimo lao liliporomoka. Kaka alipoletwa nyumbani, mwenye banda alibeba jenereta yake akaja kuwasha taa msibani, bila kuombwa na mtu. Wanawake walipoanza kumwita mama aje amuage mwanawe, nilimfuata mwenye banda pale alipochuchumaa kando ya jenereta.

"Shikamoo. Naomba uzime."

"Marahaba. Nizime kwa nini, mwanangu?"

"Tunakaribia mwisho."

Alinitazama, akainama, akaizima. Watu wakanung'unika. Mimi nilisimama karibu naye gizani, nikimsubiri atangaze.