Salamu Kabla ya Rungu

Nakumbuka asubuhi moja kule kijijini Zuzu, mjukuu wangu, na juzi ni wewe uliyenirudisha huko bila kujua. Tulikuwa hapa Miyuji, wewe unaangalia filamu yako ya mashujaa wa nyota, wale wenye meli inayotoweka angani usione hata kivuli chake. Mimi nilikuwa nachambua mlenda, nasikiliza kwa sikio moja. Meli ikamnyatia adui hadi mgongoni, na ilipokuwa tayari kumpiga, ikajitokeza yote mbele ya macho yake. Nikakuuliza kwa nini imejionyesha.

"Bibi, ni umeme tu," ukasema. "Hautoshi kujificha na kupiga kwa wakati mmoja."

Sawa, mume wangu, wewe ndiye uliyesoma. Lakini mimi nimewahi kumwona shujaa akijitokeza vilevile, na hakuwa na upungufu wa umeme.

Nilikuwa msichana mdogo. Tuliamka tukakuta zizi limebomoka na ng'ombe wote hawapo. Kaka yangu akasema wameibiwa, akakamata rungu. Babu yetu akachukua mkuki. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ndimi niliyekuwa nakamua, na ng'ombe waliijua sauti yangu.

Babu alijua kujificha, wewe! Alituvua bangili zisilie, akatupaka samadi tusinuke harufu ya watu, akatupitisha upande ambao upepo ulitupiga usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa mitambo yetu. Tulipita karibu na kanga wakichakura, wala hawakuinua vichwa. Nilijiona nimetoweka kweli, na raha yake siwezi kukuficha.

Nyayo zilitupeleka hadi kwenye korongo kavu. Ng'ombe wetu walikuwa pale, na mwanamume mmoja tusiyemjua amewainamia, ametupa mgongo. Tulitambaa kwenye vichaka mpaka nikaona jasho shingoni mwake. Kaka akainua rungu. Pigo moja tu lingetosha, na yule mtu asingejua limetoka wapi. Nilifumba macho.

Ndipo nikasikia sauti ya babu, kubwa, imenyooka: "Mbukwa!"

Nikafumbua. Babu alikuwa amesimama wima mahali peupe, mkuki umeelekea chini, anamsalimu mwizi kama anayemsalimu jirani njiani. Kaka alimtazama kana kwamba mzee amerukwa na akili.

Yule mtu akageuka taratibu. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maji. "Mbukwa, mzee," akajibu. "Hawa ni wako? Fisi aliwakurupusha, nyayo zake ziko pale juu. Wamenifikia hapa na kiu, nikaona niwanyweshe kwanza."

Nyuma yake kulikuwa na kisima alichokichimba mchangani kwa mikono, na kando yake hori la udongo limejaa maji. Rungu lilimponyoka kaka. Alipiga magoti palepale, mwili mzima samadi, akasema, "Shikamoo."

Tukiwa njiani kurudi, kaka aliuliza, "Babu, ulijuaje kwamba si mwizi?"

"Sikujua," babu akasema. "Nilidhani ni mwizi. Kujificha nilijificha ili nimwone. Lakini mtu simpigi kabla hajaniitikia."

Mzee alikuwa tayari kufa mahali peupe ili mtu asiyemjua apate nafasi ya kujibu.

Basi, mwanangu, siku ukija kuandika hadithi za nyota kama hiyo filamu yako, wape mashujaa wako meli zisizoonekana, sikatai. Jifiche uchunguze, jifiche ujiokoe. Lakini ukitaka kupiga, toka nje kwanza, sema neno, usubiri jibu. Na huko kwenye simu mnakotukanana kwa majina ya bandia, ni hivyohivyo. Aliyejificha haulizi, na asiyeuliza hawezi kuambiwa kwamba amekosea.

Na yule mtu wa korongoni, unataka kujua aliishia wapi? Alikuja kwetu mara nyingi baada ya hapo, na miaka ilipopita akaja na mwanawe. Huyo mwanawe ndiye aliyenioa, ndiye babu yako. Hayo masikio yako makubwa ni ya mwenye kibuyu.

Mungu akupe macho ya kuona bila kuonekana, na akupe moyo wa kusimama peupe. Kila utakayemsalimu akuitikie.