Magoti kwa Baba Mkwe

Daktari wa Mwanza aliniambia ugonjwa wangu ni wa nadra: mwili umegeuka, unashambulia misuli yake wenyewe. Vidonge vilipotuliza maumivu, dada wa mazoezi akanianzishia zoezi la kuinuka kitini bila kushika kitu, kisha kwenye kigoda, kisha chini kabisa. "Mtu asikushike," alinionya. "Ukizoea kushikwa, miguu inalala."

Wee, nenda kamwambie mama mkwe wangu hayo! Alikuja kwetu mjini, mtaa wa Kambarage, kuniuguza, na akiniona nayumba tu, tayari ameshanitia mikono kwapani. "Mgonjwa hupumzika, mwanangu." Ikabidi nifanye mazoezi yangu jikoni, mlango nimeurudishia, yeye akiwa sokoni. Mume wangu alikuwa machimboni Nyarugusu, kwa hiyo wa kunitetea sikuwa naye.

Asubuhi moja baba mkwe akatokea kijijini na baiskeli yenye keria kubwa. Nilijua amefuata nini: kunipakia anirudishe kwa wazazi wangu. Mke asiyeweza kutwanga wala kuteka maji alirudishwa kwao akapone huko, na wengi hawakuitwa tena. Wanangu wangebaki bila mimi.

Kwetu Wasukuma, mkamwana humsalimu baba mkwe kwa magoti, na hainuki mpaka salamu ziishe. Nikapiga magoti, mama mkwe amekaa nyuma yangu.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Hamjambo hapa?"

"Mhola." Salama.

"Na kwenu?"

"Mhola."

Akauliza mvua. Akauliza pamba. Akauliza ng'ombe wa baba yangu, karibu mmoja mmoja. Mzee huyu jamani! Mapaja yaliwaka moto, jasho likanitiririka mgongoni. Naapa, niliogopa kuliko siku ya kujifungua.

Mwishowe salamu zikaisha, akawa ananitazama. Nikasimamisha mguu mmoja. Ukatetemeka. Hapo hapo nikasikia mikono ya mama mkwe ikiingia kwapani.

"Niache, mama! Niache nasema!"

Mkamwana kumfokea mama mkwe, tena mbele ya mzee! Mikono ikatoka, akarudi kukaa. Nikauma meno, nikasukuma sakafu kwa unyayo, nikainuka polepole, nimepinda, lakini nikasimama. Peke yangu.

Baba mkwe alitazama baiskeli yake pale mlangoni, kisha akamgeukia mkewe.

"Huyu ndiye wa kubebwa? Aliyekufokea wewe? Mimi mwenyewe sijawahi kuthubutu."

Akaomba maji ya kunywa. Mama mkwe alitaka kuinuka, akajizuia, akakaa. Nikaenda kuyachota mimi.