Haja ya Mashine

Verediana wa Mshangano, Songea, aliogopa maji kuliko wengine wanavyoogopa chui. Kuoga alioga, tena kila siku, lakini mlango wa bafu ukiwa wazi na mtu wa kuitwa akiwa karibu. Uji ukiwa mwepesi aliupima kina kwa kijiko kabla ya kuunywa. Watu wa mtaani wanaapa kwamba mvua ilipomkuta njiani akitoka sokoni, alipanda juu ya gunia lake la mahindi akakaa hapo mpaka njia ilipokauka. Mengine yote hayakumtisha. Fisi alimfukuza kwa mwiko. Na binti yake, Leticia, alimzaa kwenye foleni ya sukari, asipoteze nafasi yake.

Huyo Leticia ndiye chanzo cha mama kuingizwa majini. Aliolewa na Goodluck, kijana kutoka Mbeya aliyekuja Songea miaka ya ruksa, kila mtu alipofungua duka, naye akafungua la mabati na redio pale Msamala. Alikuwa na heshima mpaka inachosha. Akimwona mama mkwe upande huu wa barabara, yeye alihamia ule. Verediana naye alikuwa hivyo hivyo, maana mkwe hatazamwi usoni, haguswi, na mbele yake halitamkwi neno lolote la nguoni.

Sasa Goodluck akanunua boti. Songea hakuna maji ya kuelea hata beseni, lakini Mzungu mmoja mjenzi wa barabara alikuwa anarudi kwao, na Goodluck hakuweza kuona kitu kinauzwa akapita. Ilikuwa boti ya starehe, ya faiba, kuukuu, ina usukani mbele kama gari na mashine imening'inia nyuma. Uani kwa Goodluck kulijaa mabati, basi ikawekwa Mshangano kwa Verediana, juu ya tela lake. Kuku wakaona wamejengewa, wakataga humo.

Bartolomeo, fundi wa mashine za kusaga, ndiye aliyeitwa kuifufua. Alitumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji, akaiwasha, na mtaa mzima ukaja kutazama. Goodluck alikuwa amekwenda Dar es Salaam kufuata mali, kwa hiyo maelekezo aliachiwa mwenye ua. Fundi alimwonyesha Verediana tundu dogo ubavuni, linalotoa mchirizi wa maji. Akamweleza kwamba maji hayo yanaingia chini, yanapoza mashine, kisha yanatokea hapo.

"Huyu akikojoa ni mzima, mama," alisema. "Asipokojoa mzime upesi, anaungua tumbo."

Verediana alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini ujumbe hakuufikisha. Angeufikishaje kwa mkwe, na neno lenyewe ndilo hilo? Akajiambia kwamba mwenye boti hakosi kuyajua ya boti yake.

Masika ikafunga barabara ya Mbinga, ile ya kwendea ziwani. Boti ikakaa uani, na nyigu wale wa kujenga kwa udongo wakawa wanaingia na kutoka mashineni kama wapangaji. Verediana aliwaona. Aliwaacha, maana hawakumgusa.

Kiangazi boti ikavutwa na Landrova mpaka Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Verediana alikusudia kubaki kwenye mchanga na chakula. Kisha akamwona Leticia anapanda na Recho mgongoni, mjukuu wake wa kwanza, ambaye hata kutembea alikuwa bado. Miguu ya Verediana ikakataa, moyo ukaivuta. Akapanda.

Goodluck alishika usukani, mkewe na mtoto kando yake. Verediana hakuweza kukaa akitazamana na mkwe, basi akageuka, akakaa mgongo kwa mgongo naye, uso nyuma. Mbele yake kukawa na vitu vitatu tu: mashine, povu, na nchi kavu inayopungua. Nyumba za Mbamba Bay zikawa viberiti, zikawa punje za ulezi. Alishika ukingo wa boti kwa nguvu hadi kucha zikaingia kwenye faiba. Akatafuta kitu cha kutazama kisichokuwa maji, akalitazama tundu la Bartolomeo.

Lilikuwa kavu.

Akangoja, labda lilikuwa linajiandaa. Halikutoa hata tone. Harufu ikaanza kuja, ya sufuria ya maharage iliyokaukiwa. Akavuta kitenge cha Leticia, akatafuta neno lenye nguo.

"Mwambie baba Recho, haja."

"Haja gani, mama?"

"Ndogo. Haijatoka."

Upepo ukala nusu ya maneno. Leticia akainama sikioni mwa mumewe, na alichosikia Goodluck ni kwamba mama mkwe amebanwa. Aibu ikamwaka shingoni. Mkwe mwenye adabu hageuki nyuma wakati kama huo, wala haulizi. Anachoweza kufanya ni kumwahisha mahali penye kificho. Mbele kulikuwa na kisiwa cha mawe. Akakielekea, akasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho.

Mashine ikapiga yowe, ikatoa moshi, ikakoroma, ikanyamaza.

Verediana hakujua kwamba kunyamaza kunaweza kuwa na uzito. Aliyasikia maji yanalamba ubavu wa boti, yakionja. Kisha mwera ukaamka, ule upepo wa kusini wa ziwa, ukaipiga boti ubavuni na kuanza kuisukuma kwenye maji mapana, ambako ng'ambo ya pili ni Malawi. Wimbi la kwanza lilikuwa kama kichuguu. La pili lilikuwa kama paa la kanisa la Peramiho, na lilikuja limefunguka mdomo.

Goodluck alitazama tangi, akakuta petroli ipo. Akafuta plagi, akarudi kwenye ufunguo. Kila alipouzungusha, mashine iliguna kama mtu anayekatazwa kufa, na kila guno lilimchoma Verediana, kwa kuwa yeye peke yake alijua tumbo linaungua. Neno lilimjia mpaka kwenye meno, likarudi. Leticia alikuwa akisali Salamu Maria, kila moja akiikatiza katikati na kuianza upya. Recho alilia sana. Halafu wimbi likamlowesha mwili wote, akaacha kulia, akawa anatetemeka tu, amekodoa macho.

Hapo Verediana akageuka. Akamtazama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu arusi.

"Baba Recho. Mashine yako haikojoi."

Goodluck alitazama miguu yake. "Shikamoo, mama," akajibu.

"Marahaba. Acha ufunguo, utamuua. Kuna tundu ubavuni linatoa maji, na leo halijatoa tangu tutoke ufukweni."

"Kumbe ile haja..."

"Haikuwa yangu."

Wakainua mashine. Mahali pa kuingilia maji palikuwa pamezibwa na udongo mgumu kama kigae, nyumba za nyigu moja juu ya nyingine. Kupafikia ilibidi mtu ajinyooshe nje ya boti nusu mwili. Goodluck akachukua spoki ya baiskeli kwenye sanduku la vifaa, akalala juu ya ukingo, na Verediana akamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Leticia alikuwa na mtoto. Hakukuwa na mwingine wa kushika. Boti ilipoinama, uso wa Verediana uliyakaribia maji mpaka akaona weusi wake wa chini, usio na mwisho. Hakufumba macho. Aliona akifumba, mikono nayo itafumbuka.

Udongo ukatoka vipande vipande. Spoki ikapita pia kwenye tundu la ubavuni. Kisha ikabidi wangoje mashine ipoe, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote: kukaa bure, maji yakiingia, Verediana akiyachota kwa sufuria ya wali aliyopanda nayo, na zile punje za ulezi ufukweni zikigeuka vumbi.

Goodluck akajaribu. Ikaguna. Akajaribu tena, ikashika. Tundu likakohoa matope, likakoma, Verediana akaliinamia. Halafu mchirizi ukaja, mwembamba, safi.

Walirudi polepole, mawimbi usoni. Goodluck hakuthubutu kuondoa macho mbele, akawa anauliza kwa sauti kila baada ya wimbi.

"Mama, vipi?"

"Anakojoa, baba."

"Bado?"

"Anakojoa. Endesha."

Hivyo hivyo mpaka sauti zikawakauka. Boti ilipokwaruza mchanga, watu wakaja kuipokea, Goodluck akazima mashine. Mchirizi ukakatika.

"Ameacha," Verediana alisema, akamkamata tena mkwe wake mkanda.

Walimwambia kwamba wamefika. Walimwonyesha miti, wakamwonyesha Recho ameketi mchangani anakula kiazi. Hakuachia, na macho hakuyatoa kwenye lile tundu, mpaka Goodluck alipoiwasha mashine tena papo hapo, mguu wake ungali majini, kidogo tu, aone anakojoa.