Amekausha nyua za Korba, kwake maji bado yanalala ndani

“Mashimo mia mbili umewachimbia watu, halafu kwako unalala na vyura! Hivi we una akili?”

“Dada, punguza sauti. Majirani wanasikia.”

“Wasikie! Si ndio hao uliowakaushia nyua zao?”

Ni saa moja asubuhi mjini Korba, pwani ya Tunisia. Zbaida Gharsalli, miaka 63, amesimama mlangoni akikamua zulia. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha jana. Mdogo wake, Laroussi, anasukuma maji nje kwa fagio. Yanatoka hatua mbili, yanarudi.

Laroussi, miaka 58, huchimba mashimo ya kunyonya maji ya mvua. Anachimba bustanini shimo la kumfika kifuani, analijaza mawe na vifusi, anaelekeza humo bomba la paa, kisha anafukia juu kwa mchanga. Mvua inaingia, ardhi inainywa taratibu. Kazi moja humpa dinari 400, mawe yakiwa juu ya mwenye nyumba. Wakati wa vuli hupata kazi nne kwa mwezi. Kiangazi hapati hata moja.

“Fundi bomba huitwa tena na tena,” anasema. “Mimi nikifanya vizuri, wanapanda majani juu yake na kunisahau. Nikipita barabarani hawajui hata waniite nani.”

Kwake hakuna shimo. Tangu barabara ya mbele ipandishwe kwa lami, ua umebaki chini kwa shubiri mbili. Ufa wa ukutani sasa unaingia kidole. Mwashi amemwambia ukuta hauvumilii vuli mbili zaidi. Ndiyo maana Zbaida amekuja kutoka Kelibia na sharti moja: achimbe leo, ama afunge nyumba akaishi kwake.

“Kwako nikafanye nini? Nichunge wajukuu zako?”

“Ule kitu cha moto, angalau!”

Sababu ya ubishi imesimama katikati ya ua. Ni tabuna, tanuri la udongo la marehemu mkewe, Salouha, lililofunikwa beseni la alumini. Kila asubuhi Salouha alibandika mikate humo, mtaa mzima ukanukia. Alifariki miaka minne iliyopita. Siku hizi Laroussi hununua mkate mrefu dukani, akala nusu asubuhi na nusu jioni, mara nyingi akiwa amesimama. Mwanawe wa pekee, Wajdi, yuko Genova, Italia. Hupiga simu Jumapili.

Karibu na nyumba hapachimbwi, maana utakuwa unaunywesha msingi. Upande wa pili kuna tangi la chini la maji ya kunywa. Panabaki penye tabuna tu.

“Pale hapachimbiki,” anasema Laroussi.

“Hapachimbiki, ama hutaki?”

“Sitaki. Haya, umesikia.”

Zbaida anatupa zulia chini. “Unadhani Salouha aliliweka pale kwa sababu panapendeza? Nilikuwepo mimi! Yeye bi harusi wa wiki moja. Alimwaga ndoo ya maji huku, maji yakatuama. Akamwaga kule, yakatuama. Akamwaga pale, yakaisha hajatua hata ndoo. Akasema, ‘Moto wangu nauweka hapa.’”

Fagio linasimama. Ndoo ya maji na saa ya mkononi ndicho kipimo cha Laroussi kwa kila mteja: anamwaga, anasubiri, ndipo anaamua pa kuchimba. Kwenye ua wake hajawahi kupima.

“Hakuniambia.”

“Ulimuuliza?”

Laroussi analiegemeza fagio ukutani na kuondoa beseni. Ndani kuna majivu ya miaka minne, yameganda kwa unyevu.

Sauti ya Zbaida imeshuka. “Niliwashe kwanza? Nikuokee mkate wa mwisho?”

“Wa mwisho nilishaula.”

Anachukua nyundo.

Udongo mbichi hautiwi shimoni. Huyeyuka, ukaziba mawe. Lakini huu umepigwa na moto miaka 27, umeiva kuliko tofali. Laroussi anauvunja vipande vya ukubwa wa kiganja na kuvipanga kando, kama apangavyo mawe ya mteja. Zbaida anaficha kimoja chini ya shuka alilojitanda, cha ukingoni, chenye alama za vidole vya Salouha.

“Hicho nacho, dada.”

“Hiki kiache.”

“Kinafaa. Lete.”

Analeta.

Chini ya tabuna ni mchanga mtupu, jembe linaingia bila ubishi. Kufikia alasiri shimo limemfika kifuani. Anapanga vipande vya tabuna chini kabisa, kimoja kimoja, kisha ananyoosha mkono. Zbaida anamteremshia ndoo. Laroussi anamwaga maji na kutazama saa yake.

“Dakika ngapi?” Zbaida anauliza kutoka juu.

Laroussi anatua ndoo. Anainama, anagusa vipande kwa kiganja. Hakuna maji.

“Teremsha mawe,” anasema.